Walichagua Njano

Wanasema macho hayana pazia. Uongo. Yako yanalo, tena zito, na umelishusha mara nyingi kuliko unavyokubali. Ile picha uliiona. Bilauri ya maji yaliyogeuka njano, daktari wa koti jeupe ameiinua juu kama kombe la mpira, watu wa Giakanja nyuma yake wakipiga makofi. Uliiona kwenye simu, ukasema "sayansi hiyo," kidole kikasonga mbele kutafuta kichekesho. Hukuuliza njano ile ni ya nini.

Wala si mara yako ya kwanza. Ngatia alipokuwa akipigia kahawa za watu dawa, pampu mgongoni, kitambaa cha kichwa cha mkewe kimemfunga mdomo, ulikuwa ukipita barabarani. Kopo la dawa lilikuwa na picha ya fuvu. Muuzaji alisema fuvu hilo ni la panya. Ngatia alikoroga kwa kijiti, na kijiti kilipovunjika akakoroga kwa mkono. Mikono ilipoanza kutetemeka na mate kumtoka bila hiari, kijiji kizima kikasema, ati pombe. Mtu ambaye hakugusa hata muratina ya harusini! Alizikwa mwaka wa elfu mbili na moja, na kwenye cheti wakaandika "moyo". Moyo! Nani aliyewahi kufa moyo ukipiga?

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wengine walisahau, yeye hakusahau. Jina lake Waithira, na wiki hii ninayoisimulia aliiishi kama mtu aliyemeza jiwe.

Alikuwa fundi wa maabara huko Gatitu, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Kazi yao ilikuwa hii, na usikimbie, haina uchawi. Upande wa Timau kuna udongo uliomwagiwa dawa ya wadudu miaka na miaka, mpaka bakteria wa mle wakajifunza kuila. Bakteria hao wana protini moja, kimeng'enya, inayoikata sumu vipande viwili kama mkasi, na sumu ikishakatwa haiui tena. Lakini mkasi huo ulikuwa butu. Daktari Theuri, mwenye maabara, alitaka kuunoa.

Protini hainolewi kwa tupa. Walichukua jeni, yaani yale maagizo ya kuiunda, wakayanakili ovyo kwa makusudi ili makosa yaingie. Kila nakala na kosa lake. Nakala zikarudishwa ndani ya bakteria, kila bakteria akaunda protini yake, na zote zikapangwa katika sahani za plastiki zenye vishimo vidogo tisini na sita. Elfu tatu kwa wiki. Nyingi zilitoka vilema. Moja mbili zilitoka kali kuliko mama yao, na hizo ndizo zilizochaguliwa kuwa mama wa mzunguko uliofuata. Nakili ovyo, chagua. Nakili ovyo, chagua. Mizunguko tisa, miaka mitatu.

Sasa, iliyo kali utaijuaje kati ya elfu tatu? Sumu yenyewe ni hatari kuishika kila siku, na hata ikikatwa maji hayaonyeshi chochote. Kwa hiyo walitumia chambo: kemikali inayofanana na sumu, isiyodhuru, ambayo ikikatwa hutoa rangi ya njano. Kishimo kinachogeuka njano upesi, humo mna protini kali. Mwanzoni walikuwa wakipeleka sampuli Nairobi zikapimwe na sumu ya kweli. Ikaonekana inachelewesha. Baada ya mzunguko wa tatu wakaacha, wakabaki na njano yao.

Jumamosi iliyokuwa ikija, protini ya mzunguko wa tisa ilikuwa ifunguliwe kwa watu. Walikuwa wameigandisha kwenye shanga za udongo, shanga wakazijaza ndani ya pipa, na pipa wakalisimamisha kijijini kwao Waithira, bondeni chini ya soko la Giakanja. Kijito cha pale hupita chini ya mashamba ya kahawa na kabichi, na bwana afya alikwisha kataza maji yake yasinywewe. Wanawake walikuwa wakipanda mlima hadi chemchemi ya juu. Sasa maji ya kijito yangepita ndani ya pipa, yatoke bombani, na hakuna atakayepanda mlima tena. Warigia, mamake Waithira, mwenye goti bovu, alikuwa akizihesabu siku.

*

Jumapili Waithira alimkuta mama jikoni, mahindi ya mbegu yametandazwa juu ya gunia. Warigia alichota uji, akauonja kwanza yeye, ndipo akampa binti yake kikombe. Ndivyo alivyolelewa. Mwenye uji huonja mbele ya mgeni, mgeni ajue hamna kitu ndani.

"Maitu, mpaka leo unaonja? Mimi ni mgeni?"

"Mtu anakuja mara moja kwa mwezi, tumuite nani kama si mgeni? Kunywa, itapoa."

Mama aliendelea na kazi yake. Kwenye kila hindi alipukuchua mstari mmoja tu wa punje, akautia kwenye kisufuria, akalifunga hindi lile uzi ili asilisahau.

"Hizo punje ni za nini?"

"Si nachemsha nionje. Yenye imeiva haraka na ni tamu, hiyo ndio narudisha shamba. Kuangalia na macho peke yake ni ujinga. Ama ulisahau mahindi ya Kingori?"

Nani angeyasahau? Kingori, mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa misimu sita alichagua mbegu kwa urefu wa hindi. Lililo refu, akaweka. Lililo refu zaidi, akaweka. Msimu wa sita akavuna mahindi marefu kama mkono wa mtu, akapigwa picha na chifu. Kisha mkewe akayabandika. Yakachemka kutwa nzima yakabaki mawe. Wakampa ng'ombe, ng'ombe akageuza shingo.

"Na usimcheke," mama alisema, huku akicheka. "Kingori alitafuta urefu, na urefu alipata. Chakula ndio hakutafuta."

Waithira alikishusha kikombe chini.  Mara ya mwisho kupukuchua mstari mmoja, kuchemsha, kuonja, ilikuwa mzunguko gani? Wa tatu. Na tangu hapo mizunguko sita ya kuchagua njano, kilicho njano zaidi, kilicho njano kuliko vyote.

"Mami, ni nini?" mama alimuuliza binti yake. "Umekuwa mweupe."

"Hakuna kitu, Maitu."

"Hakuna kitu ndio babako alikuwa anasema."

*

Jumatatu asubuhi alimwingilia Daktari Theuri ofisini kabla hata ya kuvaa koti.

"Daktari, mzunguko wa tisa tumeupima na sumu yenyewe?"

Theuri alikuwa akitia sahihi barua za mwaliko. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo la kuogofya. Alikuwa mtoto wa mwalimu, amesoma kwa viatu vya kuazima, na usiku alipobuni pipa hilo alilia kwa furaha mbele ya wafanyakazi wake.

"Njano imepanda mara mia nne, Waithira. Mia nne! Unataka ikuimbie?"

"Nataka kujua kama inakata sumu."

"Inakata chambo. Chambo ni ndugu ya sumu."

"Ndugu si yeye. Mimi nikiiba, utamfunga dadangu?"

Theuri alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Sampuli ya tisa nimeipeleka Nairobi majuzi. Majibu ni baada ya wiki sita."

"Basi tungoje wiki sita."

"Wageni wanakuja Jumamosi. Hema zimeagizwa. Mtu wa wizara amekubali." Akarudi kwenye sahihi zake. "Usiniharibie hii kitu. Hata mimi niko na mama."

Siku ile mikono ya Waithira ilitetemeka akishika pipeti, naye akaitazama kama si yake. Aliijua mitetemo hiyo. Alikuwa ameiona mezani kwao, kijiko cha baba kikigonga sahani.

Mwenzake wa benchi alikuwa Sumeya, mzaliwa wa Majengo pale mjini Nyeri, mwanamke asiyemung'unya maneno. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe shida yako si sayansi. Shida yako ni mama."

"Ndiyo, ni mama. Kwani hayo maji yatanywewa na sayansi?"

Sumeya akavua glavu. "Nyuma ya gereji ya ami yangu kuna tairi kuukuu, limejaa viluwiluwi vya mbu. Sumu hii imetengenezwa iue wadudu, sivyo? Basi tumuulize mdudu. Mbu hajui njano wala kijani."

Jumatano saa tatu asubuhi, Theuri akiwa Giakanja kukagua hema, walipanga chupa tano za jamu dirishani, kila chupa viluwiluwi ishirini. Ya kwanza maji safi. Ya pili maji yenye tone la dawa iliyonunuliwa duka la wakulima pale chini. Ya tatu maji hayo hayo ya dawa yaliyopitishwa kwenye protini ya mzunguko wa tatu, iliyokuwa imelala kwenye friji kama mtoto aliyekataliwa. Ya nne, ya dawa pia, lakini yaliyopitishwa kwenye protini ya tisa, ile ya sherehe. Sumeya ndiye aliyetaka ya tano: protini ya tisa bila dawa, "asije mtu akasema protini ndiyo iliyoua."

Ilipofika saa nne, vyote vilikuwa vikicheza, kujikunja na kujikunjua. Saa tano, chupa ya pili ikaanza kutulia. Waithira hakuweza kukaa. Aliosha bilauri safi, akazipanga, akazipangua. Saa sita mchana chupa ya pili ilikuwa imekufa yote, viluwiluwi vimelala chini kama nyuzi zilizokatwa. Akasogeza uso kwenye ya nne. Vinacheza. Akapumua. Alipumua mapema mno. Saa saba viwili vikazama. Saa nane, vikawa vimezama tisa. Saa tisa alasiri chupa ya nne ilikuwa kimya.

Ya kwanza hai, ya tano hai. Ya tatu hai pia, yote isipokuwa kiluwiluwi kimoja.

"Ya Rabi," Sumeya alisema polepole. "Mkasi wa zamani unakata. Huu mpya umesahau."

Haukusahau, msomaji. Haukufundishwa. Mizunguko sita waliuchagua kwa njano, nao ukafanya walichoutaka kwa utiifu wote, ukawa hodari wa chambo na kuiacha sumu ipite kama mgeni wa heshima.

*

Alhamisi wakulima wa bondeni walipiga dawa kabichi, viwavi walikuwa wamezidi. Ijumaa mvua ikanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya mlima isiyo na haraka. Waithira alisimama dirishani Gatitu akiitazama ikiosha mabati, na kila tone aliliona likiosha jani la kabichi huko Giakanja na kuteremka kijitoni.

Theuri aliporudi kutoka Giakanja siku hiyo, alimwekea chupa tano mezani. Alizieleza moja moja. Theuri alizitazama kwa muda mrefu, akainua ya nne, akaitikisa. Hakuna kilichojikunja.

"Hii si data," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ni tairi ya gereji. Unataka nisimame mbele ya wizara na mbu?"

"Nataka usimamishe pipa mpaka Nairobi wajibu. Ama turudishe shanga za mzunguko wa tatu. Ni butu, lakini zinakata."

"Na niseme nini? Kwamba miaka mitatu tulikuwa tunafuga rangi?"

"Ndiyo. Useme hivyo hivyo."

Akaitua chupa taratibu sana.

"Daktari, wewe utayanywa?"

Theuri aligeuzia uso dirishani. Alisema, "Acha funguo kwa Sumeya. Pumzika mpaka nikuite." Waithira akitoka, aliona kwenye kabati la daktari katoni mbili za maji ya chupa, zimepangwa vizuri.

Alimpigia mama simu mara saba. Mtandao wa bondeni mvua ikinyesha, unaujua. Alipompata usiku unaingia, sauti ilikuwa ikikatika kama mtu anayezama. "Maitu, kesho usinywe!" Akasikia tu, "...mtungi mpya nimeosha..." na laini ikafa.

*

Jumamosi jua lilitoka kama vile hakukuwa na Ijumaa. Hema nyeupe, viti vya plastiki, kwaya ya kanisa. Pipa la buluu lilikuwa limefungwa utepe. Waithira alifika akihema, matope mpaka magotini, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa mbili: moja tupu, na moja ya viluwiluwi ambavyo Sumeya alimletea stendi alfajiri bila kusema neno, akamshika tu mkono.

Alikuwa amechelewa. Theuri alikwisha fungua bomba, akakinga bilauri, akatia shanga chache za pipani na tone la chambo. Maji yakageuka njano kama ua la alizeti. Makofi! Vigelegele! Akainua bilauri juu, na mtu wa picha akapiga. Ndiyo, hiyo hiyo. Picha uliyoiona ilipigwa hapo, na ulichoambiwa kiliishia hapo. Kilichofuata hawakukipiga picha.

Kingori alishika kipaza sauti. "Njano hiyo mmeona? Hiyo maana yake dawa imekwisha! Sasa akina mama, foleni, mmoja mmoja."

Wa kwanza kwenye foleni, na mtungi mpya, alikuwa Warigia.

"Maitu, usichote!"

Hema zima likageuka. Kingori akakunja uso. "Msichana wa Ngatia, kaa chini. Hapa si pahali ya vita ya kazi. Tumeambiwa ulisimamishwa."

"Hiyo njano ni ya chambo, mwenyekiti, si ya sumu! Tulichagua rangi! Protini hii inajua rangi, sumu haiijui!"

"Ati protini imekosa nini?" mtu akauliza nyuma, wenzake wakacheka. "Ipewe uji!"

Waithira aliona midomo yao ikicheka na akajua maneno yake hayafiki. Maneno ya maabara huanguka njiani kama punje kwenye mwamba.  Mama alikuwa na mkono kwenye bomba.

Kisha akayapata maneno.

"Maitu! Ni mahindi ya Kingori!"

Mkono wa Warigia ukasimama. Kicheko kikapotea upande mmoja wa hema, kikaendelea upande mwingine, kikafa. Kingori mwenyewe alikishusha kipaza sauti.

Warigia aliitazama ile bilauri ya njano. Akamtazama binti yake, matope, mikono inayotetemeka. Mikono hiyo aliitazama kwa muda. Akachukua kikombe kutoka kwenye meza ya wageni, akakinga maji ya bomba, meupe, safi kwa macho, akampelekea Theuri.

"Daktari, karibu. Kwetu mwenye kitu huonja kwanza."

"Mama, hiyo si lazima. Mmeona rangi."

"Rangi nimeona. Onja."

Theuri alikipokea kikombe. Alikifikisha karibu na midomo.  Akakishusha haraka, maji yakamwagika kwenye koti jeupe, na akasema, "Nimetoka kunywa chai."

Wanawake wa foleni wakaweka mitungi chini.

"Haya," Warigia alisema, akavuta kiti. "Basi tutapukuchua mstari mmoja kwanza. Mami, leta hiyo chupa yako."

Waithira akakinga maji ya bomba kwenye ile chupa tupu, akahamishia nusu ya viluwiluwi, nusu akaviacha kwenye maji yao ya tairi, akaziweka zote mbili juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kati ya maua na soda. Watu wakasogea. Mtu wa wizara akatazama saa yake, akakumbuka mkutano Karatina. Mtu wa picha akaondoka naye. Kwaya iliimba wimbo mmoja, ikaacha. Ilikuwa saa nne na nusu.

Hadi saa saba kasoro kidogo, chupa ya tairi ilikuwa ikicheza ngoma. Ya bomba ilikuwa imelala.

Kingori alilifunga bomba kwa mikono yake miwili, akalikaza mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha akavua tai ya sherehe, akaifunga juu yake mafundo matatu.  Alipompita Waithira alinong'ona tu, "Misimu sita, msichana wangu. Nilichagua misimu sita."

Wanawake wakainua mitungi mitupu, wakaanza kupanda mlima. Warigia akapanda nao na goti lake bovu, kila hatua akishika mti. Waithira akaubeba mtungi wa mama. Moyo haukutulia, kwa sababu Theuri, akiwa ameketi kwenye gari mlango wazi, alikuwa amemwambia jambo bila kumtazama.

"Mapipa mengine manne yameshapelekwa vijiji vingine. Yanafunguliwa Jumatatu. Hayako mikononi mwangu tena."

Na picha ya njano ilikuwa tayari inatembea.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe wa pazia. Ngatia ulimpita barabarani ukamwita mlevi. Picha uliipitisha kwa kidole. Leo umejua. Huwezi kusema hukuambiwa. Kama kwenu pana pipa, kisima, bomba jipya, dawa mpya yenye cheti na mtu wa koti jeupe, usiulize kama ilipimwa. Uliza kilichopimwa ni nini. Wakikuonyesha rangi, wape kikombe waonje mbele yako. Wakisema wametoka kunywa chai, funga bomba. Simu unayoshika sasa hivi ina namba ya chifu, ya dada yako, ya jirani anayeosha mtungi kwa ajili ya kesho. Piga. Ikikatika, piga tena. Isiposhika, vaa viatu uende. Simama, mtu wangu, Jumatatu haiko mbali!